Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mitaro: tope mnalitoa, mbona hamlipeleki?

Ng'ambo, Unguja
Januari, katikati ya kaskazi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mitaro na machujio ya maji ya mvua mjini kwetu,

YAH: CHEMBA ZA MTAA WETU NA TOPE LINALOACHWA KANDONI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia nikiwa na vyeo viwili tu. Mimi ni mkaazi wa mtaa ulio mwisho wa mtaro, na ni mstaafu wa kazi hiyohiyo ya mitaro. Nimeshika chepe miaka ishirini na mitatu, saba ya mwisho nikiwa nyapara wa kikosi. Wengi wenu mna umri wa wanangu, na mmoja wenu nilimfundisha mimi kufungua mfuniko wa chemba bila ya kujiponda vidole. Lakini cheo ni cheo, kwa hiyo nitawaita waheshimiwa mpaka mwisho wa barua.

Sikupenda kulileta jambo hili hadharani. Nimekuja ofisini kwenu mara nne. Mara ya kwanza nilipewa kiti na chai. Mara ya pili nilipewa kiti. Mara ya tatu nilisimama. Barua mbili za wakaazi, zenye saini thelathini na mhuri wa sheha, kiongozi wa shehia yetu, mlizipokea na mkazigonga mhuri wenu, na hadi leo hazijajibiwa. Mara ya nne kijana wa mapokezi aliniambia kwa adabu nzuri, "Babu, suala lako linafanyiwa kazi." Nikamwuliza, na nani? Akacheka. Nikacheka na mimi, nikarudi nyumbani, nikatafuta kalamu.

Kwa msomaji asiyekijua kitu ninachokizungumza: mtaro wetu unashuka kutoka barabara kuu, unapita nyuma ya maduka na gereji, kisha unaingia kwenye chemba tatu zinazofuatana. Ya kwanza ina nondo za kuzuia taka kubwa. Ya pili ni ya kutuliza, maji yanapunguza mbio na mchanga unazama. Ya tatu ndiyo chujio lenyewe, tabaka la mchanga juu ya kokoto, na chini yake bomba lenye matundu linaloyatoa maji kwenda pwani. Ni kazi nzuri. Aliyeichora alijua anachokifanya, na sisi tuliipokea kwa shangwe, maana kabla yake kila masika tulikuwa tukihamisha magodoro juu ya makabati.

Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu ndogo hiyo ndiyo hesabu yote ya mitaro. Unguja hupata takriban milimita 1,600 kwa mwaka, na nyingi humwagika masika, Machi hadi Mei. Mvua moja nzito ya milimita 50 juu ya hekta moja ya mapaa, lami na nyua zilizosakafiwa ni lita 500,000. Tuseme kila lita tano zibebe gramu moja tu ya mchanga na vumbi. Hizo ni kilo 100, kwa mvua moja na hekta moja, na mtaro wetu unakusanya maji ya zaidi ya hekta moja.

Kwa hiyo chemba ikijaa, msiione kuwa ni mbovu. Kifumbu hujaa machicha kwa sababu kimefanya kazi yake. Mpishi atakayeyaacha machicha humohumo na kumwaga nazi ya pili juu yake, asishangae tui likimpitia pembeni. Na machicha ya mtaro hayana kuku wa kuyala.

Sasa nakuja kwenye malalamiko yetu.

1. Tope linatolewa na kuachwa palepale.

Hili ndilo kubwa, na yote yanayofuata ni watoto wake. Masika iliyopita, mwezi wa Nne, kikosi kilikuja na machepe na toroli. Vijana walifanya kazi siku mbili, kazi ya kweli, jasho liliwatoka. Tope lote likarundikwa ukingoni mwa mtaro, hatua mbili kutoka mlango wa chemba. Picha zikapigwa. Kikosi kikaondoka Jumanne jioni, na tukaambiwa gari la kubebea litafuata. Usiku wa Alkhamis mvua ilishuka. Asubuhi ya Ijumaa rundo lilikuwa limebaki nusu, na nusu nyengine ilikuwa imesharudi ndani ya chemba kama mgeni aliyesahau kofia yake.

Gari halikuja wiki ile, wala mwezi ule. Mpaka masika inakwisha, ukingoni palibaki mawe, vipande vya makumbi na pempasi moja.

Mimi najua posho ya kikosi cha siku mbili, maana nimewahi kuigawa. Posho ile imelipwa, kazi imeandikwa kwenye ripoti kuwa imefanyika, na kwenye ripoti ni kweli imefanyika. Chemba ndiyo haikusoma ripoti.

2. Usafishaji unafanywa wakati usiofaa.

Nani anaosha chungu wakati wali unachemka? Kusafisha chemba mwezi wa Nne ni kuingia kwenye maji yanayotiririka na kuchota tope jepesi kama uji. Chemba yetu ya pili ina upana wa mita 2, urefu wa mita 3, na tope lake lilifika kina cha mita moja. Hizo ni mita za ujazo 6. Likiwa limelowa, kila mita ya ujazo ina uzito wa kama tani moja na nusu, kwa hiyo mnazungumzia kama tani tisa, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji tu. Mtu atalipa dereva na dizeli kusafirisha maji.

Januari na Februari maji ya mtaro yako chini na jua la kaskazi halimwonei mtu huruma. Tope likitandazwa kwa unene wa kiganja juu ya sakafu ngumu, siku chache tu linapasuka kama ngozi ya mguu usiopakwa mafuta, unalibeba vipandevipande. Jua hili ni la bure. Zamani tulikuwa na kawaida ya kufanya usafi mkubwa kabla ya masika na mwengine mdogo mwezi wa Tisa kabla ya vuli. Haukuwa ujuzi wa chuo, ulikuwa uvivu wenye akili, hakuna aliyetaka kubeba kizito.

3. Tope limegeuka biashara.

Hapa naomba mnisome taratibu. Kila mtu anajua kuwa mchanga kisiwani kwetu ni haba, uchimbaji wake unadhibitiwa, na bei yake inampa mjenzi homa. Rundo la mchanga lisilo na mwenyewe kando ya mtaro haliwezi kulala salama. Mwaka juzi niliona kwa macho yangu magari mawili ya ng'ombe yakipakia alfajiri. Sikumlaumu mwenye gari, ana watoto. Nilifuatilia tu lilikokwenda.

Mzigo mmoja ulikwenda kujaza msingi wa chumba kinachoongezwa, na mwengine kusawazisha uwanja wa chuo cha Qur'ani ambapo watoto hukaa chini. Uwanja huo una kisima cha kamba kisicho na kina kirefu, na watoto hutawadhia maji yake. Ndoo chache zilikwenda kwenye matuta ya mchicha bondeni.

Mna haki ya kuniuliza ubaya wake uko wapi, si mchanga tu? Mchanga mnene, ule unaozama mwanzo, kweli hauna neno kubwa. Balaa liko kwenye ule ulaini unaozama mwisho, unaoteleza kati ya vidole kama sabuni. Chembe ndogo ndizo zinazoshika sumu, kwa sababu zikiwa nyingi ndani ya kiganja kimoja, eneo lao la kunasia uchafu ni kubwa kuliko la chembe nene. Zinki inatoka kwenye mabati na matairi yanayolika. Shaba inatoka kwenye breki za magari. Risasi, ile madini ya sumu iliyokuwa kwenye rangi za zamani na petroli ya miaka iliyopita, haikuyeyuka, iko ardhini. Juu ya hayo kuna oili ya gereji na majitaka ya makaro yanayofurika, maana sehemu kubwa ya Ng'ambo bado inatumia makaro na vyoo vya shimo. Chujio letu limekusanya vyote hivyo kwa niaba yetu, na sisi tunavipandia mchicha!

Na mchanga huo mkiutia kwenye zege bila ya kuuosha, tope na uozo wake vinazuia saruji isishike. Fundi mwaminifu atawaambia.

Ardhi yetu nayo si ya kuaminiwa na siri. Ni mawe ya matumbawe yenye vishimo na mianya, maji hupita humo upesi mpaka kisimani bila ya kuchujwa vya kutosha. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza 1978, na kimesharudi mara nyingi tangu hapo. Mtu anayemwaga tope la mtaro karibu na kisima anacheza na jambo ambalo wazee wetu walilizika.

4. Chemba ya tatu haijaguswa.

Kila wanapokuja, vijana husafisha nondo za chemba ya kwanza, kwa sababu ndizo zinazoonekana kutoka barabarani. Ya pili huchotwa nusu. Ya tatu, ambayo ndiyo chujio, sijawahi kuona mfuniko wake ukifunguliwa tangu ijengwe. Si lazima mchanga wote ubadilishwe. Chujio la mchanga huziba kwanza juu, sentimita chache tu, panatanda utando mweusi unaong'aa. Ukiukwangua na kurudishia mchanga safi uliooshwa, chujio linapumua tena. Ni kazi ya watu wanne kwa siku moja. Ukiuacha miaka, uchafu unashuka mpaka kwenye kokoto, na hapo hakuna ujanja ila kuchimbua kila kitu.

Kipimo chake hakihitaji mhandisi. Mvua ikinyesha, hesabu siku tatu. Maji yakiwa bado yamesimama juu ya chujio, limeziba. Letu mara ya mwisho lilikaa na maji siku kumi na moja. Mbu huhitaji kama wiki moja, au kidogo zaidi, kutoka yai hadi kuruka, na yule mbu wa maji machafu ndiye anayesambaza matende na mabusha, maradhi ambayo nchi hii imehangaika nayo kwa dawa miaka mingi. Wazee wa Makunduchi watakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walipomwaga vitembe vyepesi vya plastiki ndani ya vyoo vya shimo, vikaelea na kufunika maji, na mbu akakosa pa kutagia. Kwenye choo dawa ile ilifanya kazi vizuri. Kwenye mtaro itasombwa na mvua ya kwanza, kwa hiyo msije mkatuletea. Dawa ya mtaro ni maji yasisimame.

5. Vijana wanaingizwa chemba bila ya kamba.

Hili si la mtaa, ni la moyo wangu. Nimewaona wakiinua mfuniko mmoja na mtu kuzama saa hiyohiyo, yuko tumbo wazi na ndara miguuni. Tope lililokaa muda mrefu bila ya hewa linatoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Ubaya wake ni kwamba ikizidi inaua pua kwanza. Harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imesafika. Enzi zetu tulikuwa maskini wa vifaa, lakini tulifungua mifuniko yote miwili, tukangoja upepo upite, na aliyeshuka alikuwa na kamba kiunoni na mwenzake juu. Siku moja kamba hiyo ilimpandisha rafiki yangu akiwa hajitambui. Alizindukia chini ya mwembe, akatutukana sote, tukafurahi sana.

6. Gereji tatu za juu zinamwaga oili chafu moja kwa moja mtaroni. Tumeshazungumza nao kama majirani, wawili wamesikia. Wa tatu anahitaji kuzungumza na nyinyi.

7. Pwani.

Bomba letu linaishia baharini. Mkondo uliokuwa ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulishajazwa, Darajani imebaki jina bila ya daraja, lakini bahari haikuhama. Uwanja wa Mnazi Mmoja hujua habari hizo bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya bamvua. Bamvua likikutana na mvua, mdomo wa bomba unafunikwa, maji ya mtaro yanasimama, na tope lililopita kwenye chujio bovu linatua ndani ya bomba ambako hakuna chepe litakalofika. Linalofanikiwa kutoka linakwenda kutanda juu ya matumbawe. Visiwa vya Changuu, Bawe na Chapwani haviko mbali hivyo, na tumbawe lililofunikwa na tope halipati mwanga. Wavuvi wetu hawahitaji kuelezwa maana yake.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu baadhi yake niliwahi kuyatoa mwenyewe nikiwa upande wenu wa meza.

Mtasema wananchi ndio wanaotupa taka. Ni kweli, na sitawatetea. Nondo za chemba ya kwanza zinakamata chupa za maji, makumbi ya madafu, pempasi, na mifuko ya plastiki ambayo imepigwa marufuku hapa tangu 2006 na bado haijapata habari. Hilo ni letu, na chini ya barua hii tumeahidi tutakachofanya. Lakini taka hizo zinakaa chemba ya kwanza. Tope laini la chemba ya pili na ya tatu halitupwi na mtu. Linatoka kwenye paa la kila nyumba, ikiwemo yangu na yenu, na kwenye kila tairi linalopita. Hata tukiwa watu wasafi kuliko wote duniani, chujio litajaa.

Mtasema mradi uliojenga umekwisha na fedha zake zimekwisha. Nilikuwepo siku ya makabidhiano, nilikula pilau. Kilichokabidhiwa siku ile ni chujio, na chujio ni kama ng'ombe wa maziwa, anayekupa ng'ombe hakupi na majani ya maisha. Sisemi mtaro wetu ni mmoja wa ile mikubwa iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa huduma za miji ulioanza 2011. Wetu ni mdogo. Lakini somo ni moja kwa mikubwa na midogo: fungu la usafishaji likae kwenye bajeti ya kila mwaka, lisiwe la kuombwa maji yakishaingia majumbani.

Mtasema hakuna pa kulipeleka. Hili ndilo jibu pekee ninaloliheshimu, kwa sababu ni la kweli. Taka za majumbani zinakwenda jaani Kibele. Tope bichi ukilipakia kwenye gari la taka litavuja njia nzima, kila kona ya barabara ipate sehemu yake, na kule litazamisha magari mengine. Ndiyo maana linaachwa ukingoni. Si uzembe wa vijana. Wameambiwa walitoe, hawakuambiwa walipeleke wapi.

Na mtasema haya ni mambo ya nchi tajiri. Chumbe, kisiwa kinachoonekana kutoka mjini siku ya anga safi, kimehifadhiwa tangu 1994. Nyumba zake za wageni zinakusanya maji ya mvua kutoka mapaani na kuyachuja, na maji ya kuogea yanapita kwenye vitanda vya mimea kabla ya kugusa ardhi. Hapo ni Unguja hii hii.

Sasa tunachoomba, na tumejitahidi kiwe kitu kinachoshikika.

La kwanza, kabla ya mwisho wa Februari chemba zote tatu zisafishwe, utando wa juu wa chujio ukwanguliwe na mchanga safi urudishwe. Tope liondoke siku ileile linapotoka. Kikosi kisije kabla gari halijapatikana. Bora tungoje wiki moja kuliko kulipa kazi nusu.

La pili, na hili ndilo roho ya barua: mji upate uwanja wa kukaushia tope. Hatuombi jengo la fahari. Ni sakafu ya zege yenye mteremko, kuta za kimo cha goti, sehemu moja iezekwe kwa ajili ya masika, na maji yanayochuruzika yarudi kwenye chujio, yasiingie ardhini. Uwe mbali na visima na nyumba, na uwe na mlinzi, kwa sababu nilizozitaja kwenye nambari ya 3. Tope la chemba ya pili lishushwe upande mmoja na la chujio upande mwengine, wasichanganye. Kila mara sampuli ipelekwe maabara. Mchanga mnene ukionekana hauna madhara, utumike kujazia chini ya barabara. Hapo hata ule uhaba wa mchanga utapungua chembe mbili tatu. Ule ulaini, uliokwisha kauka na kupungua uzito, ndio upelekwe Kibele na uwe na shimo lake peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, haikusahau taka, na tope la chujio ni taka kama nyengine.

La tatu, ukutani mwa chemba ya pili pigeni mstari wa rangi nyekundu kwenye nusu ya kina. Tope likigusa mstari, zamu imefika, iwe mwezi wowote. Sheha awe na kijiti cha kupimia na daftari. Nusu nimesema kwa makusudi: chemba iliyojaa zaidi ya hapo haitulizi tena, mvua kubwa inachokonoa tope la chini na kulisukuma lote kwenye chujio.

La nne, buti, glavu, kamba, na amri ya maandishi kwamba hakuna anayeshuka peke yake.

La tano, bandikeni kwenye ubao wa shehia tarehe ya kila usafishaji, mizigo mingapi imetoka na imepelekwa wapi. Siombi siri za ofisi. Mstari mmoja wa maandishi unatosha. Kama kiasi kilichotengwa kwa mwaka huu ni sifuri, andikeni sifuri, tujue tunaanzia wapi.

Kwa upande wetu, nyumba arobaini na mbili zimekubali kuzisafisha nondo za chemba ya kwanza kila Jumapili kwa zamu, na kina mama wa mtaa, ambao ndio waliokuwa wakali kuliko sote kwenye kikao, wameshaandika majina ya wanaotupa pempasi. Orodha ipo, na mwenyewe nimeogopa kuisoma. Mwenye uwanja wa chuo amekubali udongo wake uchimbuliwe mkipata pa kuupeleka. Mimi najitolea kuwaonesha vijana wenu, bila ya posho, namna ya kukwangua chujio bila ya kulivuruga.

Jumamosi ya kwanza ya Februari, baada ya sala ya alasiri, nitakuwa kwenye chemba ya pili na kijiti changu. Funguo ya mfuniko iko kwa sheha. Yeyote kati yenu atakayekuja na viatu vya ofisini asihofu, ninazo jozi mbili za buti za mpira za zamani, nambari nane na nambari kumi.

Wenu mtiifu,

Mstaafu wa mitaro,
kwa niaba ya wakaazi wa mtaa wa mwisho wa mtaro, Ng'ambo

Nakala:
Sheha wa shehia yetu
Diwani wa wadi yetu
Mwakilishi wa jimbo letu
Ubao wa matangazo wa msikiti